Bi Mkubwa na Bi Mdogo katika Benki ya Damu

3 Machi

Leo Daktari Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akanivutia kiti mwenyewe. Mkubwa akikuvutia kiti, jua yamekufika.

"Mama," akasema, "mfumo wako tunaubadilisha."

Mfumo wangu ni orodha ya wachangiaji wa benki ya damu ya hospitali hii. Watu elfu kumi na tisa na ushei: jina, kundi la damu, simu, mahali wanapokaa, siku waliyochangia mara ya mwisho. Niliujenga miaka kumi na miwili iliyopita juu ya hifadhidata huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na hata kuurekebisha. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilikuwa karani wa kupiga chapa. Nikikwama, naandika swali kwenye kundi la watumiaji wake mtandaoni, na kesho yake nakuta mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, amenijibu kwa upole kama anamjibu dada yake. Ndiyo maana nikisikia "mfumo wako" moyo hunivimba. Leo ulivimba, halafu ukapasuka.

Nikasema, "Sawa, Daktari," nikatoka. Sista wa benki ya damu, mwanamke asiye na siri wala breki, alikuwa ananisubiri koridoni.

"Pole, mwenzangu. Nasikia unaletewa mke mwenza."

Nimechukua daftari hili kabatini ili niandike. Nyumbani nikieleza nitalia, na mume wangu ni fundi cherehani. Akiniona nalia anakosea mishono.

5 Machi

Mke mwenza amefika, kumbe ni mwanamume. Mhandisi, miaka thelathini na kitu, mrefu kiasi kwamba aligonga kichwa juu ya mlango kabla hajapiga hodi. Ilipofika saa nne hakuna aliyekumbuka jina lake. Sista alishampa jingine: Mlingoti.

Mimi nilikuwa nimefunga kibwebwe kwa vita. Yeye akavuta kiti, akakaa kando yangu, akaomba nimwonyeshe majedwali yote, moja baada ya jingine. Saa mbili nzima hakuitoa simu mfukoni. Nilipomaliza akasema, "Mama, hii kazi ni safi. Nimeona ofisi zenye wahandisi kumi, hawana kitu kama hiki."

Nikajisemea, ndivyo mchinjaji anavyomsifu mbuzi.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la stoo linavuja palepale pa mwaka jana.

12 Machi

Nimemwambia Mlingoti anieleze hiyo hifadhidata yake kama anavyoweza kumweleza shangazi yake.

"Haya, shangazi," akasema, na uso wake haukucheka hata kidogo. "Kwako, kila mchangiaji ni mstari ndani ya jedwali, na kila mstari una visanduku vilevile. Ukikosa cha kujaza kisanduku kimoja, mlango umefungwa. Kwangu, kila mtu ni waraka wake. Mmoja ana simu tatu, mwingine hana hata moja ila ana maelezo ya njia ya kwao. Vyote vinaingia. Hifadhidata za aina hii wenyewe wanaziita NoSQL. Na mtandao ukikatika kule kwenye hospitali ndogo, wao wanaendelea kuandika tu. Ukirudi, nyaraka zinakutana."

"Na mtu akiandika upuuzi?"

"Fomu ya kwenye tableti itamzuia."

"Na fomu isipomzuia?"

Akakuna kichwa, palepale alipogonga mlango.

Nyumbani nimemsimulia mume wangu akikata suruali. Alicheka na pini mdomoni mpaka nikaogopa atazimeza. "Kwani mimi naweka vipi?" akasema, akanionyesha rafu yake. Kila mteja na bahasha yake: ndani kuna vipimo, kipande cha kitambaa, na maneno kama "bega la kushoto limeshuka" au "hapendi mfuko wa nyuma." Miaka thelathini nalala na NoSQL, sina habari.

"Lakini mwaka jana," nikamkumbusha, "yule mwalimu suruali ilimgomea magotini."

"Alikuwa na bahasha mbili," akasema. "Nikatoa ile ya kabla hajaoa."

Basi nikaenda kuosha vyombo nikiwa na furaha mbaya moyoni.

17 Machi

Mtandao umekatika tangu asubuhi. Kazi hakuna, umbea tele.

21 Machi

Leo nimetoka na msafara wa kukusanya damu hadi kiwanda cha matofali. Kwa kawaida sitoki. Kazi yangu ni ya kiti. Mlingoti aliomba twende tukajaribu tableti zake, Daktari akasema na mimi niende, nikajua nimetumwa nikaone.

Tuliweka meza mbili chini ya banda la kukaushia. Meza ya kwanza ilitumia fomu yangu ya zamani, ya pili tableti ya Mlingoti. Mwanamke mmoja, mpanga matofali, mikono imejaa vumbi jekundu hadi kwenye viwiko, akaja meza ya kwanza. Karani akamuuliza tarehe ya kuzaliwa.

"Nilizaliwa mwaka wa njaa. Tarehe hakuna aliyeiandika."

"Simu?"

"Sina. Ukinitaka, piga kwa muuza mkaa wa pale njia panda, mwambie aniite."

Karani akanitazama. Nami nikatazama fomu yangu. Kisanduku cha tarehe, lazima. Kisanduku cha simu, lazima. Niliweka "lazima" hizo mimi mwenyewe, na nilijivunia.

Yule mwanamke alishaanza kuinuka. "Najua," akasema, bila hasira. "Hata mwaka jana mlinirudisha. Na mwaka juzi."

Mara tatu! Mtu anakuja mara tatu kutoa damu yake, na mfumo wangu unamwambia rudi nyumbani kwa sababu mama yake hakuwa na kalamu. Mlingoti akamwita meza ya pili kwa sauti ya chini. Akaandika "mwaka wa njaa," akaandika habari za muuza mkaa, yote yakaingia. Mvua ikatufukuza kabla ya zamu yake ya kulala kitandani, kwa hiyo aliacha sampuli tu.

Njiani kurudi nilitaka kujua ni wangapi tumewarudisha kwa miaka kumi na miwili. Nikifika nitatafuta, nikajiambia. Nilipofika nikakaa mbele ya kompyuta na mikono yangu haikuwa na pa kwenda. Hakuna pa kutafuta. Jedwali halimkumbuki liliyemkataa.

24 Machi

Nimemwambia Daktari sina pingamizi tena. Akanishukuru mno, jambo lililoniudhi.

2 Aprili

Leo tumehama. Orodha yote imeingia kwenye mfumo mpya. Ule wa zamani umeachwa kwenye mashine ya pembeni. Unaweza kusomwa, hauwezi kuandikwa. Sista amebandika karatasi mbili kwa gundi: kwenye mashine yangu "Bi Mkubwa," kwenye mashine mpya "Bi Mdogo." Daktari alipita, akasoma, akajifanya hajui kusoma.

Mlingoti amekuja na keki. Akanikatia kipande cha kwanza. Nilikula nusu.

4 Aprili

Makarani wanne wameanza kuwapigia wachangiaji wote simu na kuandika upya habari zao moja kwa moja ndani ya Bi Mdogo. Wameanza na makundi adimu. Mimi sina kazi. Nimepanga faili kwa rangi.

8 Aprili

Nimepita nyuma ya makarani nikaangalia skrini zao. Kwenye kundi la damu, kila mmoja anaandika anavyojua. Mmoja ameandika "O-". Mwingine "O hasi." Wa tatu anaweka sifuri badala ya herufi O. Wa nne "o neg." Fomu inakubali yote. Kwangu palikuwa na orodha ya makundi manane, unachagua moja, basi.

Sijasema. Si mfumo wangu tena.

11 Aprili

Mvua. Sijasema.

15 Aprili

Mto umefurika, daraja limefungwa kwa magari makubwa. Mlingoti kaniuliza, "Mama, unaona tatizo lolote? Niambie, wewe una macho." Nikamwambia mpya ni mpya tu, tutazoea.

19 Aprili

Naandika haya saa kumi na moja jioni. Nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitaanza kujipunguzia.

Saa nne asubuhi daraja lilikwenda na maji. Saa nne na nusu, Mlingoti amenieleza baadaye, Sista aliingia ofisini bila utani wowote, na mimi sijawahi kumwona Sista bila utani. Kuna mama amejifungua kwenye wodi ya chini, mtoto wa kwanza, mtoto mzima. Mama anavuja damu haikamatiki. Kundi lake O hasi, na mtu wa kundi hilo hapokei damu nyingine ila O hasi. Kwenye friji kuna chupa mbili. Kutoka ng'ambo ya mto hakuna kitakachovuka.

"Tafuta walio upande huu," akamwambia Mlingoti.

Mlingoti akatafuta. Bi Mdogo akatoa majina matatu. Sista akapiga. Wawili walivuka jana, wamekwama ng'ambo ya mto. Wa tatu simu imezimwa. Akapiga tena. Akapiga kituo cha afya cha jirani, akapiga simu nyumba za wauguzi, akazunguka wodini kuuliza nani ana O hasi. Hivyo ndivyo ilivyopita karibu nusu saa. Mimi nilikuwa stoo, nazuia maji yasifike kwenye maboksi, sikujua lolote mpaka niliposikia viatu vya Sista vikikimbia koridoni. Sista hakimbii.

Nikatoka. "Watatu tu?" nikasema. "Mbona upande huu tuna kumi na mmoja!"

Na neno lilipokuwa bado mdomoni nikaelewa. Niliona skrini za makarani kama nilivyoziona ile tarehe nane: sifuri, hasi, neg.

Nikamwendea Bi Mkubwa, nikachagua O hasi. Majina kumi na moja yakajipanga. "Mlingoti," nikasema, "wameandika kila mtu kivyake. Tafuta O hasi, tafuta sifuri, tafuta neg, tafuta kwa herufi ndogo." Hakuuliza nimejuaje. Akaandika, nami nikaanza kupiga simu.

Kinyozi wa sokoni: alichangia mwezi uliopita, haruhusiwi. Fundi bomba: amehama. Mwalimu wa hesabu: "Niko darasani, mama, nakuja." Muuza nyanya: "Nifunge genge?" Funga. Dereva wa trekta, mkewe akapokea, akasikiliza, akasema tu, "Anavaa viatu."

Wengine watatu simu hazikupokelewa. Wanaokuja ni watatu. Na daktari wa wodi alishatuma neno kwamba watatu hawatoshi.

Ndipo Mlingoti akainua kichwa. "Yuko wa kumi na mbili. Hayuko kwako, mama. Hana simu, hana tarehe ya kuzaliwa. Pameandikwa 'piga kwa muuza mkaa, njia panda.'"

Sampuli ya yule mpanga matofali ilikuwa imepimwa: O hasi.

Muuza mkaa alipokea kwa kelele ya mvua. Nikamweleza. Akasema, "Kiwanda kimesimama kwa mvua, yuko kwake, namfuata." Akamleta mwenyewe, wote wawili wameloa chapachapa, muuza mkaa akiwa na gunia kichwani badala ya mwavuli. Yule mpanga matofali akaniona mlangoni akanitambua. "Leo mnanichukua?" akauliza.

Nikamwambia, "Tunakuchukua."

Mwalimu alikuja na chaki kwenye vidole. Damu zao zikapimwa, zikalinganishwa, zikaingia. Saa nane mchana daktari wa upasuaji alitoka. Mama yu hai. Mtoto yu hai. Lakini damu haikukoma mapema, na ili kumwokoa wamemwondolea kizazi. Ana miaka ishirini na mitatu.

Sista aliketi kwenye benchi la wagonjwa akavua kofia. Mlingoti alisimama uso umegeukia ukuta, urefu wake wote ukiwa umekunjika. Nilitaka kumshika bega. Mkono ulikataa kwenda, nami nilijua kwa nini.

21 Aprili

Kikao. Daktari Mkuu aliuliza ilikuwaje. Mlingoti akasimama, akasema fomu ilikuwa na orodha ya makundi manane kama yangu, lakini aliiondoa wiki ya kuhama kwa sababu ilikuwa inagoma kwenye tableti za zamani, akawa na nia ya kuirudisha, akasahau. "Kosa ni langu peke yangu," akasema. "Hakuna mwingine aliyejua."

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake.

Daktari akauliza, "Nusu saa ile ingebadilisha kitu?" Daktari wa upasuaji akajibu kwamba labda ndiyo, labda hapana, na kwamba mtu yeyote atakayesema anajua, anadanganya.

Sikusema.

22 Aprili

Nimesema.

Nilikwenda kwa Daktari kabla ya chai, na safari hii kiti nilijivutia mwenyewe. Nikampa daftari hili, nikamfungulia tarehe nane. Akasoma. Akafungua na kurasa za mbele, akasoma "Mvua. Sijasema." Kisha akalifunga.

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka aanguke," nikasema. "Si mtu mwingine aanguke. Yeye tu. Kidogo. Ili mnikumbuke."

"Na hukufikiri kwamba chini yake kuna wagonjwa."

"Miaka kumi na miwili sikufikiri kingine. Siku kumi na moja nikaacha."

Atanipa barua ya onyo. Nilimwambia ni haki. Akasema ndugu wa mgonjwa wameshaelezwa kwamba kulikuwa na ucheleweshaji kwa sababu ya mfumo, na ataongeza hili kwenye taarifa. Nilipofika mlangoni akasema, "Ungeweza kulichoma daftari."

Kisha nikamtafuta Mlingoti. Alikuwa nyuma ya jengo la jenereta, anakula ndizi mbili kama mtu anayekunywa dawa. Alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Ilitokeza kwenye mfuko wa shati. Nikamwambia yote, na nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza kama naona tatizo, nilimdanganya machoni.

Alitafuna mpaka akamaliza. "Mimi nilijua kwamba umeona," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ile ulisema O hasi, sifuri, neg. Ulizitaja zote kabla sijafungua skrini."

"Na kwenye kikao ukasema hakuna mwingine aliyejua!"

"Niliiondoa mimi ile orodha, mama. Wewe ulikaa kimya, mimi niliondoa. Tungeanza kugawana pale mbele za watu, tungemaliza lini?"

Nilichomoa ile barua mfukoni mwake. Hakunizuia. Nimeilaza chini ya rundo la faili zangu za rangi, na funguo za kabati ninazo mimi.

23 Aprili

Mume wangu amekosea mshono. Nimemweleza kila kitu.

30 Aprili

Wiki nzima tumefanya kazi meza moja. Orodha ya makundi manane imerudi. Nimepitia nyaraka zilizoandikwa upya, moja moja, elfu nne na mia mbili, nikilinganisha na Bi Mkubwa. Mlingoti ana kitu nilichokikosa: hasahau kwamba kila waraka una mtu. Anasoma kwa sauti, "Huyu anasema asipigiwe Jumatatu, ana mama mgonjwa." Nami nina kitu alichokikosa: simwamini mtu yeyote mwenye kibodi.

"Nikiwemo mimi?" akaniuliza.

"Wewe wa kwanza. Na mimi wa pili."

7 Mei

Habari mpya, na si nzuri. Kampuni inayotengeneza hifadhidata ya Bi Mdogo imebadilisha leseni. Tuliyo nayo tutabaki nayo, lakini matoleo yajayo hayatakuwa huria kama tulivyozoea: msimbo utaonekana, ila ukitaka kuwahudumia wengine kwa kuutumia, kuna masharti. Na sisi mpango wetu wote ni kuwahudumia hospitali ndogo saba. Mwanasheria wa wizara amesema tusisogeze mguu mpaka ajue masharti hayo yanatugusa au hayatugusi.

Mlingoti alishika kichwa. "Miaka sita nawasifu hawa watu. Nimewarekebishia kasoro mbili bila kuombwa."

Mimi wa mwezi Machi ningecheka mpaka machozi. Leo nilimtengenezea chai. Nikamwambia mwenye nyumba akikupa ufunguo, uliza kama amekupa na kiwanja.

19 Mei

Juma lililopita niliuliza kwenye kundi la watumiaji wa hifadhidata yangu ya zamani kama kuna njia ya kuweka nyaraka ndani yake. Akanijibu mtu mmoja mwenye subira, akanionyesha kwamba matoleo mapya yanaweza, na yameweza kwa miaka. Miaka! Mimi sikuwa nimesasisha kwa sababu niliogopa kumgusa Bi Mkubwa nisije nikamharibu. Nililinda kitu mpaka kikachakaa mikononi mwangu.

Basi tumemsasisha Bi Mkubwa, na ndani yake tumejenga hivi. Kundi la damu, siku ya kuchangia, majibu ya vipimo: hayo yanakaa kwenye majedwali, na lazima zake ni lazima. Kando ya kila mstari kuna nafasi ya waraka: njia ya kwao, muuza mkaa, mwaka wa njaa, lolote mtu alilo nalo. Tarehe ya kuzaliwa nimeitoa kwenye lazima kwa mkono wangu. Inatosha mtu kuthibitishwa kwamba ni mtu mzima. Na anayeshindwa kuandikishwa, kushindwa kwake kunaandikwa, na sababu, na jina la aliyemrudisha.

Kwa tableti za vijijini Mlingoti ameandika kijiprogramu kinachotunza nyaraka mpaka mtandao urudi. Jambo hilo mimi nisingeliweza hata kwa miaka kumi na miwili mingine.

Sista amebandua karatasi zake mbili. "Nimeshindwa kuwatenga," akasema. "Ukewenza gani huu, mnapikia chungu kimoja?"

26 Mei

Mvua imepungua. Nimeona jua mara tatu, nikahesabu.

3 Juni

Hospitali ya kwanza kati ya saba imeunganishwa. Karani wa kule kapiga simu kulalamika kwamba fomu inamgomea kuandika sifuri. Nimemwambia asante.

11 Juni

Leo yule mama aliyeondolewa kizazi alikuja kliniki na mtoto wake. Sista aliniambia, kisha akaniacha na uamuzi wangu, jambo ambalo kwa Sista ni heshima kubwa. Nilimuuliza Daktari kama naweza kuzungumza naye. Akasema yeye hanizuii wala hanitumi.

Nilimkuta chumba cha chanjo, watu wameshaondoka. Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria. Mtoto alikuwa amelala mapajani, ngumi mbili juu kama mtu aliyeshinda. Nikasalimia, nikajitambulisha kazi yangu, nikakaa.

"Waliniambia kulikuwa na ucheleweshaji wa kompyuta," akasema.

"Ulikuwa wa watu," nikasema. "Mmoja alisahau. Mmoja aliona siku kumi na moja kabla, akanyamaza kwa wivu. Aliyenyamaza ni mimi."

Alinitazama mikono, kisha uso, kisha mikono tena.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nawapigia waliokuja kukutolea damu. Baadaye. Ningeweza kuwapigia mapema."

"Na kama ungewapigia mapema, ningebaki na kizazi?"

"Daktari anasema hakuna anayejua. Mimi pia sijui."

"Sasa kwa nini unaniambia, kama hujui?"

"Kwa sababu mwili ni wako. Mimi ninajua jambo kuhusu mwili wako ambalo wewe hujui. Sikuona haki."

Akamgeukia mtoto, akamweka kofia vizuri, ingawa ilikuwa vizuri. "Mume wangu anataka watoto wanne," akasema. "Alikuwa anataka." Kisha, "Leo sina la kukujibu, mama. Usiningoje."

Nikasema sawa. Nikainuka ili nimpishe mlango. Yeye akasimama, akainama mbele, akampandisha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa anaitafuta nguo ya kumfungia, ambayo ilikuwa imeteleza chini ya kiti. Mama yake mzazi alizoea kumsaidia, nadhani, au mumewe. Leo alikuja peke yake. Alibaki ameinama hivyo, mgongo umetandazwa, mtoto anaanza kuteleza upande.

"Nishikie," akasema.

Nikaweka viganja vyangu viwili juu ya yule mtoto. Alikuwa na joto, mzito kuliko anavyoonekana, pumzi yake inapanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Mama akaokota nguo, akaizungusha, akakaza fundo la kwanza kifuani. "Usiachie bado," akasema. Sikuachia. Nilimshika mpaka fundo la pili likakaza.